Sketi ya Ngozi kwenye Kiti cha Kushoto

Jumamosi, 2 Novemba

Paulina,

Nimegonga bodi tangu asubuhi. Mlango wa kushoto ulibonyea kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe. Fundi Hamisi, mwenye gereji hapa jirani, aliniambia nigonge taratibu kutoka ndani, upande wa nje nikinge kwa gunia. Sikugonga taratibu. Niligonga mpaka nyundo ikachomoka kwenye mpini. Akaninyang'anya.

"Kaka, unanyoosha gari au unaua nyoka?"

Tangu Machi nina hasira isiyo na mtu wa kumshushia. Ulivuja damu siku mbili, mimi nikiwa barabarani na lori la vitunguu la tajiri. Nilifika umeshazikwa.

Nimeendesha magari ya watu miaka kumi na saba. Hili ndilo la kwanza kuwa langu. Gari la mbio, milango miwili, kuukuu. Nililiona Babati limetelekezwa kwenye majani nyuma ya ghala, nikalitaka. Sina sababu nyingine. Ungecheka, ukiziba mdomo kwa kiganja.

Jumanne, 5 Novemba

Injini imewaka. Plagi mpya, betri ya kuazima. Feni imenikata vidole viwili. Damu ilidondoka kwenye injini ya moto ikachemka. Nilikaa naitazama. Nilipendezwa. Hilo limenitisha kidogo.

Mama yako ametuma salamu kutoka Hirbadaw. Anasema binti yetu Ester nikamchukue Jumamosi ya tarehe 16, akae na mimi, Januari aanze darasa la kwanza. Miezi minane amekaa kwa bibi yake. Nataka apande gari la baba yake. Ndiyo maana naharakisha.

Jumapili, 10 Novemba

Rangi. Njano ya kiini cha yai. Nimepiga msasa siku tatu, mikono haina ngozi. Hamisi amepuliza vizuri. Rangi ikiwa bado mbichi, mbuzi wa jirani akaja kulamba mlango. Nilimpiga teke la tumbo. Akaanguka, akainuka, akaondoka anachechemea.

Sijawahi kumpiga mnyama. Wewe unajua. Hata kuku ulikuwa unachinjisha kwa jirani kwa sababu yangu.

Alhamisi, 14 Novemba

Viti vimekwisha. Vitatu Hamisi amevivalisha turubai. Cha mbele, cha kushoto, nimekishona mwenyewe.

Nilifungua sanduku lako. Sketi ya ngozi uliyopewa na mama yako siku ya harusi ilianza kukauka. Nikaipaka samli, ikalainika, ikarudi na harufu yako ya siku za sherehe. Sikuikata. Nimeitandaza kwenye kiti na kuishona kingo kwa uzi wa viatu, shanga zikae upande wa mgongo. Nataka ukae karibu yangu ninapoendesha. Ni hilo tu.

Nimeifunika kwa kanga isishike vumbi.

Jumapili, 17 Novemba

Jana sikuweza kuandika. Leo niandike yote.

Njia ya Hirbadaw ni mbaya kwa gari lililo chini. Tumbo lilikwaruza mawe. Karibu na kisima nilimkuta kaka yako Gidamis anatembea, nikampa lifti. Akakaa mbele kushoto, juu ya kanga. Alikuwa na furaha.

"Shemeji, gari yako imepiga magoti. Inaomba mahari?"

Tulicheka hadi uani kwa mama yako. Ester alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake wa nguo, amepakwa mafuta usoni. Gidamis alipotoka, kanga ilimfuata ikaanguka chini. Mama yako alikuwa anakuja kutusalimu. Aliona kiti. Akasimama. Akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu.

Mimi ni Mnyiramba. Kwetu ngozi ni ngozi. Nilijua kwamba nyinyi Wabarbaig mnaiheshimu sketi ile. Sikujua inaheshimiwa kiasi gani. Miaka tisa ya ndoa sikuuliza. Mwanaume hata kuivuta vibaya hathubutu, na mimi nimemleta ndugu yako akiwa ameikalia, kutoka kisimani hadi mlangoni kwa aliyeitengeneza.

Gidamis alitazama kiti, akatazama makalio yake. Kisha akaanza na fimbo. Kioo cha mbele. Taa zote mbili. Akachukua jiwe, akaupiga mlango niliounyoosha, mara nyingi. Nilimwacha. Naapa nilimwacha. Akaingia ndani akaivuta sketi, uzi ukakatika, ngozi ikachanika pembeni. Hapo pia nilimwacha. Ndipo akasema:

"Akiwa hai hukumtunza. Amekufa, umemfanya kiti."

Spana ya magurudumu ilikuwa chini ya kiti changu. Nilimpiga nayo mkono. Nilisikia mfupa. Nikampiga tena begani. Akaanguka, nikamwinamia, nikainua mara ya tatu. Nilitaka kichwa. Nimeandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ester alilia, "Baba!" Nikaishusha.

Mama yako hakupiga kelele tena. Alifunga mkono wa mwanawe kwa kanga ile ile. "Wewe uliyemvunja, wewe mpeleke."

Nikaendesha mpaka Katesh bila kioo. Upepo na wadudu usoni, vipande vya kioo kwenye mapaja. Gidamis alijikunja kiti cha nyuma. Mbele alikataa kukaa. Njia nzima alinitukana, kwa Kiswahili, ili nielewe.

Hospitali waliuliza kama ni ugomvi, maana ingehitajika fomu ya polisi. Akajibu kabla yangu. "Nimeanguka na punda."

Nje nikamuuliza kwa nini amenificha.

"Sijakuficha. Mambo ya sketi hayaendi polisi. Yanakwenda kwa wanawake. Subiri, utatamani polisi."

Jumatano, 20 Novemba

Tumeitwa. Wanawake wamekaa juani, wengi, kila mmoja na fimbo. Hakuna mwanaume mwingine. Mimi na Gidamis tumekalishwa chini mbele yao, yeye mkono umefungwa plasta.

Bibi mmoja mwembamba alisema kwa muda mrefu. Lugha yenu naishika nusu. Gidamis alinitafsiria bila kunitazama.

"Anasema sisi wawili ni wajinga."

"Na wewe?"

"Mimi zaidi. Wewe hukujua ulichoshona. Mimi nilijua nilichochana."

Faini ni dume mmoja wa ng'ombe, mweusi, asiye na doa. Tulete sote wawili, kwa miguu. Tusipoleta, watatuapiza, na hakuna atakayekaa na sisi wala kutupa maji. Ester haondoki mpaka hilo liishe. Tulipoinuka walitupiga fimbo, mgongoni na miguuni, mpaka tukatoka uani. Bibi wa makamo ya mama yangu alinipiga sikio. Sikujikinga. Niliona ni haki yangu.

Jumapili, 24 Novemba

Nimeuza rimu, redio, na bawa la mbio la nyuma ya gari. Gidamis ameongeza mtamba wake. Dume tulimpata mnadani. Tumetembea naye tangu alfajiri, mimi kamba ya mbele, yeye nyuma na fimbo kwa mkono mzima. Mvua ilitukuta. Dume aligoma kwenye korongo akanirusha kwenye miiba. Gidamis alicheka. Kisha akanipa mkono nikainuka. Tukamsukuma dume tena.

Wanawake walimchukua dume. Sisi tuliambiwa tukae na tuwape mgongo. Hawachinji kwa kisu. Wanampiga kwa fimbo mpaka afe. Nilisikia yote. Anachukua muda, dume. Kwanza analia, halafu anapumua tu, halafu ni fimbo peke yake, kama wanaopura mtama.

Niligeuka mara moja, najua haikuruhusiwa. Ester alikuwa katikati yao na kijiti chake. Alikuwa anapiga. Meno ameyauma. Mama yako alisimama nyuma yake wala hakumzuia.

Uso ule naujua. Ni wangu, niliuona kwenye kioo cha pembeni cha gari, nikitoka hospitali.

Jumapili, 1 Desemba

Imekwisha, wamesema. Nimekwenda kumchukua Ester kwa miguu.

Mama yako alikuwa ameishona sketi pale ilipochanika. Hakunionyesha. Alisema tu kwamba itamngoja Ester, na mimi niondoe macho kwenye sanduku lake. Nikaitikia. Alinipa maziwa. Gidamis alikuwapo, anajikuna ndani ya plasta kwa kijiti, akanisogezea kigoda.

Ester alikuja mpaka kwenye nguzo ya mlango. "Shikamoo, baba." Nikaitika. Nikamuuliza kama twende. Akatazama mikono yangu, mmoja, halafu wa pili. Akarudi ndani. Sikuusikia mguu wake tena.

Mama yako alisema, "Usimvute. Siku akitaka, nitamleta mwenyewe."

Nilimaliza maziwa nikaaga. Mvua imeotesha majani njia nzima. Nilipumzika mara mbili. Nimefika, nimepika ugali wa mtu mmoja, nimeosha sufuria.

Kwa hiyo Ester hajui kama atakuja, wala mimi sijui. Januari ni karibu.

Paulina, jioni zile ukitoka shamba la ngano, mimi ndiye niliyekuwa nakupashia maji ya miguu, nayajaribu kwanza kwa kiwiko yasikuunguze. Mikono ni hii hii. Unikumbuke kwa hilo.