Kasha la Visukuku Halitoki Hapa

Ni mwaka mmoja sasa tangu uweke patasi chini, baba watoto, na mkeo anatangaza mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili kwamba hajatoa chozi hata moja. Ukiondoa Jumatatu. Na zile siku nyingine sita.

Machimboni ulipasua mawe ya chokaa miaka thelathini na minne. Wenzako walipasua wakapita. Wewe ukiona alama ya kombe ndani ya jiwe, unasimama, unalilamba ili mistari ijitokeze, kisha unaliweka kando kama yai. Nyapara alifoka mpaka akachoka. Wenzako wakakuita Mlamba Mawe. Mkeo naye alilalamika kwamba hakuna jiwe lililokosa busu lako, ilhali yeye anapanga foleni. Ulicheka mpaka ukapaliwa na chai.

Hukuwa mchoyo wa ulichokijua. Wajukuu walipouliza konokono wa baharini alifikaje kilimani, hukuwafukuza. Uliwaambia hapa palikuwa bahari, kabla ya babu wa babu wa mtu yeyote. Kidude kikafa, kikazama topeni. Nyama ikaoza, gamba likabaki. Tope likashuka juu yake tabaka kwa tabaka, likagandamizwa hadi likawa jiwe. Maji yakapenya polepole na chembe zake za madini, yakalijaza gamba punje kwa punje, mwisho gamba lenyewe likawa jiwe. Mengine yaliyeyuka, yakaacha shimo lenye umbo lao, kama kidole kwenye sabuni mbichi.

"Wengi walioza wakaisha," ulisema. "Huyu alifunikwa mapema, ndiyo maana yupo."

Basi sikia yaliyotupata. Hata mwezi haujaisha, mdogo wako fundi bomba akaja na gunia. Visukuku vyako vyote, hayo makombe yaliyogeuka mawe uliyoyajaza kashani, alitaka akafukie navyo shimo la pale mlangoni, eti mwenyewe keshakwenda, kokoto za nini ndani ya nyumba? Mkeo akaketi juu ya kasha. Aliketi kwelikweli, na uzito wake unaujua. Hakuna aliyethubutu kulivuta.

"Shemeji," akamwambia, "hivi vimekaa chini ya tope mamilioni ya miaka na havikushindwa. Vitashindwa na gunia lako?"

Mwaka huu kaja mara tatu. Mara tatu karudi na gunia tupu.

Wapo wanaotushauri tukusahau, tupumzike. Wapumzike wao. Sisi tunakufunika kwa maneno yako, tabaka kwa tabaka, usije ukaisha.

Kukusahau hatujui, na kujifunza hatutaki: mkeo, binti yako mshonaji, ambaye kasha amelishonea kifuniko, wajukuu wako watatu, ambao siku hizi hawapitwi na jiwe bila kulilamba, na huyo mdogo wako, anayeshikilia mpaka leo kwamba ni kokoto tu.

Jumapili alikuja bila gunia. Tulimkuta peke yake kando ya kasha, kifuniko kiko wazi, ulimi mweupe kwa vumbi la chokaa. Akasema amekunywa maziwa.

Nyumba hii haina maziwa tangu Alhamisi.