Sauti Yangu Yafika Dar, Nesi wa Masoko Hasikiki

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kujutia, maana kwa hasira niliyonayo hata chakula hakipiti, na jina langu usilifiche, sina cha kuficha. Mimi ni Anyelwisye, ninaendesha simu ya upepo ya Bwana Yussuph hapa Tukuyu mjini, wafanyabiashara wa ndizi na viazi wanakuja kwangu kuongea na wenzao wa Dar, na tangu biashara iwe ruksa kila mtu anafungua chake, jirani naye akafungua simu yake ya upepo, wateja wakaanza kusema kwake sauti inatoka kama kengele, kwetu Dar wanasikia lakini mpaka urudie mara mbili. Basi Bwana Yussuph akaleta amplifaya, mashine ya kukuza nguvu ya mawimbi kabla hayajapanda kwenye antena, na aliyemuuzia akanionyesha waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye amplifaya kurudi kwenye redio, akasema huu ndio unaoiambia redio "imetosha, punguza", usiuchomoe. Sasa mshauri, waya ukiwepo mshale wa mita haugusi hata alama nyekundu, mtu anunue ng'ombe halafu amkamue nusu? Bwana Yussuph akasema, "Fundi, ongeza," nikauchomoa, nikazungusha kitufe cha nguvu mpaka mwisho, mshale ukalala kwenye wekundu, Dar wakasema sauti inakwaruza lakini sasa mnafika, na wateja wetu wote wakarudi.

Hapo ndipo maneno yakaanza. Huko Masoko kuna zahanati, nesi wake anaitwa Elina, naye ana simu yake ya upepo ya kuitia gari la hospitali, na anadai kila saa tatu asubuhi anapotaka kuongea anasikia mimi nasoma magunia ya viazi juu ya sauti yake. Mshauri, mimi nina masafa yangu na yeye ana yake, ni jirani tu lakini si yale yale, namba inasomeka pale kwenye redio na leseni iko ukutani! Wiki tatu zilizopita mama mmoja, Sekela, alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, nesi anasema aliita gari nusu saa nzima bila kusikika, wanaume wakambeba Sekela kwa machela kwenye mvua na tope, akajifungulia njiani. Mama mzima, mtoto mzima, sasa kosa langu liko wapi? Jumapili tumetoka kanisani yule nesi ananisimamisha mbele ya watu, anasema, "Ndaga fijo, Anyelwisye, asante sana, viazi vimefika Dar. Safari hii Mungu ametuazima, sijui safari ijayo." Watu wakacheka, wengine wakatema mate.

Na mke wangu Tulia, ana mimba ya miezi minane, yuko kwa mama yake hapo hapo Masoko akisubiri kujifungua, nimempelekea sukari na sabuni hakutoka ndani, akasema kupitia dirishani, "Nenda ukaongee na Dar." Mshauri, nimshtaki huyu nesi kwa katibu kata kwa kunichafulia jina? Na mke wangu nimfanyeje aniheshimu?

Anyelwisye, Tukuyu

JIBU

Anyelwisye, umesema nisifiche jina lako, nami nimekutii. Sasa Rungwe nzima inakujua, keti usikilize.

Pole sikupi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na huu hata haukukuchoma wewe, ulimchoma Sekela. Unaniuliza kosa lako liko wapi, na umeliandika mwenyewe: uliambiwa usiuchomoe, ukauchomoa. Barua yako nilimwonyesha fundi mitambo tunayemtumia hapa gazetini. Alisoma mpaka pale kwenye wekundu, akaitupa mezani akasema, "Huyu si fundi!" Nilimwomba anieleze taratibu, naye akaeleza. Amplifaya ina kiasi chake. Ukiilisha kupita kiasi, haikuzi tena sauti ilivyo, inaivuruga, na vurugu hiyo humwagika kwenye masafa ya majirani kushoto na kulia. Namba kwenye redio inaonyesha uliposimama tu. Ukimwaga maji machafu uani kwako yakaingia jikoni kwa jirani, utamwonyesha hati ya kiwanja?

Na kule kukwaruza walikokwambia Dar, ndiyo hiyo mashine inalia. Kabla ya hapo walikusikia, ila ulitakiwa kurudia mara mbili. Mara mbili tu, bwana! Kwa uvivu wa kurudia maneno umemziba mdomo mwanamke anayeita gari la mzazi.

Halafu unataka kumshtaki! Nenda kwa katibu kata kama unapenda, lakini umweleze na habari za ule waya, tuone nani atalala ndani. Bwana Yussuph naye ana lake, alisema uongeze. Mkono uliochomoa ni wako.

Kuhusu Tulia, nakuonea huruma kwa jambo moja tu, kwamba bado hujaelewa kwa nini amekaa ndani. Wewe unadhani amekasirika kwa ajili ya Sekela tu. Amebakiza mwezi mmoja, Anyelwisye. Zahanati yake ni ile ile, nesi wake ni Elina, na gari lake litaitwa saa yoyote kwa simu ile ile unayoimwagia viazi. Mkeo anakuogopa.

Kwa hiyo weka gazeti chini sasa hivi. Rudisha ule waya, punguza kitufe mpaka mshale utoke kwenye wekundu, na Bwana Yussuph akikataa mkabidhi funguo zake, utalima viazi badala ya kuvitangaza. Kesho weka mtu mwingine aongee na Dar kwa mashine yako saa tatu kamili, wewe uwe Masoko, umeketi kando ya nesi Elina, sikio kwenye simu yake. Ukisikia gunia hata moja, rudi ukapunguze tena. Ukisikia hospitali inamjibu, mwombe radhi papo hapo, upite kwa Sekela umwombe na yeye, ndipo uende kwa mama mkwe. Sukari iache nyumbani. Simama chini ya lile dirisha umwambie Tulia kwamba nesi akiita gari kutoka Masoko, sasa anasikika.