Moyo wa Namba Kumi na Tano

Jumatatu, 3 Machi 2025
Gladness, binti wa utafiti wa wazee, amefika hapa Namawala. Ametufunga saa nyeusi za plastiki, mimi na mke wangu Eveline. Zinahesabu hatua na mapigo ya moyo. Tusizivue mwezi mzima. Saa gani isiyoonyesha saa!

Jumapili, 9 Machi
Tumezivua kwenda misani. Eveline aliona haya, watu wangeuliza. Baada ya chakula akatufunga tena.

Jumatatu, 17 Machi
Gladness kaja, kasoma saa kwa simu yake. Uso ukambadilika. Eti wiki ya kwanza nilikuwa mzima, hii ya pili moyo wangu unarukaruka. Niache palizi. Ijumaa niende kliniki Ifakara. Eveline kapewa hongera—alianza vibaya, sasa ana nguvu kama msichana!
Sielewi. Juzi nimepalilia mpaka adhuhuri, sikuchoka. Lakini tangu Gladness aondoke, kweli, kifua kinanibana.

Jumatano, 19 Machi
Eveline kaenda kupalilia peke yake. Mimi nimekaa tu kama mgonjwa. Wakati wa kuoga nikalegeza mkanda wa saa, nikaona namba kwa ndani: 15. Kadi niliyopewa na Gladness inasema 14! Kumi na tano ni Eveline.
Kwa hiyo moyo unaoruka ni wa... Hapana. Nikavaa miwani. 15.
Nikampigia Gladness. Hapatikani. Nikaenda shambani, nikamkuta Eveline ameketi juu ya tuta, jembe kando, anahema. Nikamweleza. Hakushtuka! Akavuta khanga, ikafunika saa.
"Baba Evod, mpunga wote huu nani atapalilia?"
Mimi, nikasema.
"Wewe si mgonjwa?" Akacheka. Mzaha? Sijui.

Alhamisi, 20 Machi
Kifua hakibani tena. Ajabu!
Jumapili ile nani alizifunga? Yeye. Zote mbili, yangu na yake. Alikosea—au? Tangu lini anajua? Nashindwa kumwuliza.
Nimemwambia kesho tunakwenda kliniki wote wawili. Anapiga pasi shati langu jeupe. Langu tu. Gauni lake bado limo sandukuni.
Amefika kwenye kola. Ameweka pasi pembeni, ameshika meza kwa mikono miwili.
Mama Evod, vipi?
Ananyoosha kiganja. Eti nisubiri kwanza, nisije karibu. Naacha kalamu, namkimbilia.