Kwa Mwende, Ambaye Hakumwinua Aliyeanguka

Mjukuu wangu Mwende,

Huu ni mwaka wa pili tangu urudi Kitui, na barua hii nimeianza mara tatu. Mkono si ule tena, ila kumbukumbu bado inanitii.

Nazikumbuka Ijumaa zako za Jidda, ulipokuwa ukifanya kazi za ndani mtaa wa Safa na madam, mwajiri wako, akikuruhusu kuja kwangu Hindawiya baada ya chakula cha mchana. Hata viatu hujavua, umeshaanza: "Shosho, leo nimechoka vibaya, nipe chai." Shosho, yaani bibi, ingawa sikukuzaa, wala sikumzaa aliyekuzaa. Mimi Mzanzibari niliyezeekea ugenini, wewe Mkamba uliyefika juzi. Kiswahili chako kilinichekesha. Changu ulikiita cha redio.

Kisha madam akahamia Riyadh, nawe ukaenda na masanduku yake. Siku moja ukanipigia simu ukicheka: ndani ya jengo moja la maduka wameweka mteremko wa theluji, na kwa kuwa saa za wanawake wanaume hawaingii, wanatafutwa wanawake wa kujitolea, wafundishwe kuteleza na kuwahudumia wanaoumia. Madam, mpenzi wa mchezo huo, alikukubalia jioni moja kwa wiki.

"Theluji umeiona wapi wewe?" nikakuuliza.

"Kwa friji, Shosho."

Kuteleza hakukukushinda. Kilichokushinda ni mtihani wa kwanza. Mwalimu wenu alijilaza akijifanya ameumia, nawe ukamkimbilia, "Woiye, pole, pole!" ukamshika makwapa ukamsimamisha. Ukafelishwa papo hapo. Kwetu, pwani na bara, aliyeanguka huinuliwa. Kumwacha chini ni kumdharau. Wao walitaka umwache alale, umshike kichwa kisitikisike, shingo isije ikaumia zaidi, mpaka machela ije. Ulirudia, ukafaulu, ukavishwa koti jekundu la waokoaji. Picha yake ninayo mpaka leo.

Ndipo akaanguka mdogo wake madam. Alishuka kwa kasi, akagonga ukingo, akabaki chini akilalamikia shingo, shela imemtoka. Wabeba machela waliokuwa karibu ni wanaume. Madam akapiga kelele: "Yalla, mwinue! Wanaume wanaingia na dada yangu amelala hivi?"

Ulivua koti ukamfunika nalo, nywele na kifua. Ukapiga magoti kwenye barafu na blauzi yako ya kazi, ukamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mafi, madam, hapana. Haamki mtu hapa."

Mikono ilikufa ganzi, uliniambia, lakini haikutikisika.

Hospitali hawakuona kitu ila misuli iliyoshtuka. Madam akasema halas, basi: ama umwombe radhi mbele ya dada yake, ama ikama yako, kibali cha kuishi, ifutwe urudi kwenu kabla ya mkataba kwisha. Ukanipigia. Nami nikakwambia, "Omba radhi, mwanangu. Maneno hayavunji mfupa."

Ukanijibu: "Shosho, sikuwa najua kama shingo iko sawa. Hakuna mtu alikuwa anajua. Sasa niombe msamaha ya nini?"

Nilikuona mkaidi, nikakata simu kwa hasira. Wiki ile ile ulirudishwa.

Mwende, nimepitia makafili watatu, waajiri walionidhamini hapa, kwa zaidi ya miaka arobaini, na wote niliwaitikia ndiyo, hata pale nilipojua kwamba wanakosea. Niliiita busara. Vitabu ninavyovisoma vimejaa watu majasiri, na wote hao nimewasoma nikiwa nimekaa kitako. Wewe ulijua gharama yake kabla hujapiga magoti, na hukuwa na uhakika kwamba ungeonekana umefanya jambo la maana. Hukuonekana hivyo. Ukabaki pale pale, umeshika kichwa cha mtu.

Madam hatakuandikia. Mimi nakuandikia: radhi niliyokutaka uiombe, naiomba mimi kwako.

Baki salama, mwanangu.

Bibi yako wa Hindawiya