Mlinzi wa Mara Moja

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia.

Nakumbuka Jumapili ile ulipotoka chumbani ukichechemea, ukatukuta mimi, mdogo wangu Shabani na rafiki yangu Neema wa Dindira tumezunguka meza na dadu zetu. Tangu mguu ukuzuie kuendesha lori la mahindi la Handeni, ulikuwa unashinda ndani umenuna. Ukauliza, "Mnacheza kamari?" Nikakueleza kwamba ni hadithi: kila mtu anachagua mhusika, mimi msimamizi nasimulia yanayowakuta, dadu inaamua nani kafaulu. Nilipotaja kwamba unaweza kuwa mchawi, ulishtuka. "Mchawi? Hapa Korogwe? Majirani wakisikia je?" Tulicheka mpaka Neema akamwaga chai. Ukachagua mlinzi.

Kitabu cha sheria ni cha Kiingereza, nikakutafsiria: mlinzi anaweza kuingia mbele ya mwenzake na kupokea pigo lake. Ulilipenda hilo kuliko upanga. Ikawa kila Jumapili wewe ndiye wa kwanza mezani, unawaamuru wenzako, "Kaeni karibu yangu."

Basi hakuna aliyeumia tena isipokuwa wewe. Shabani alinung'unika kwamba mchezo umekuwa wa baba peke yake. Nami nikaona mchezo umelalia upande mmoja, nikatangaza: mlinzi atalinda mara moja tu kwa kila pambano.

"Kitabu ndivyo kinavyosema?" ukauliza.

"Hakisemi mara ngapi, baba. Ndiyo maana naamua mimi."

Siku hiyohiyo, ulikuwa umeshampokelea Neema pigo pale zimwi lilipomgeukia Shabani. Ukainuka kabisa kwenye kiti, na mguu wako ule. "Nimeingia mbele!"

"Umeshatumia, baba."

"Mwanangu, mlinzi gani analinda mara moja?"

"Sheria ni sheria."

Nikarusha dadu. Mhusika wa Shabani akafa. Yeye hakujali, akaanza kuchagua mwingine. Wewe ulikusanya dadu zako, ukanikabidhi kwa mikono miwili kana kwamba mimi ndiye mkubwa, ukaenda chumbani.

Wiki iliyofuata nilikuita, ukasema umechoka. Kisha ikawa hospitali, kisha safari ya kukurudisha kwenu Handeni, tukakulaza kando ya makaburi ya wazee wako. Mama anasema ni ugonjwa, wala si mchezo. Namwamini, ila sijatulia.

Kinachoniuma ni kwamba hata sheria yenyewe niliielewa vibaya. Kila pigo ulilopokea lilipunguza uhai wa mlinzi wako. Kikomo kilikuwa mwilini mwake tayari, hakikuhitaji changu. Nilishughulika na usawa wa mchezo, nikashindwa kumwona mtu mzima aliyekuwa amepata tena pa kuwafaa wanawe.

Jana Neema alicheza mlinzi. Akapokea pigo la Shabani, kisha akasita, akaniuliza kama anaweza tena. Shabani akainamisha kichwa. Nikasema, "Unaweza." Mchezo haukuharibika. Mlinzi wake alianguka, wenzake wakambeba, wakafika. Walishangilia, nami nikashindwa kushangilia nao, maana ruhusa ile ilikuwa neno moja tu, na aliyeiomba kwanza ulikuwa wewe.

Nisamehe, baba. Pumzika.

Binti yako mkubwa