Mwezi wa Majoka na Mtu wa Penseli

Jumapili, Kitale. Mvua ilianza kabla ya kanisa na mpaka sasa haijaona sababu ya kuacha. Nimeketi na vitabu vitano mezani na aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Mnaofuata blogu hii mnakumbuka niliahidi kusoma mwezi mzima vitabu nisivyovizoea: vitatu vya hadithi moja ndefu ya majoka, viwili vya katuni, na riwaya ya mjane wa Korea anayeuza supu. Nimemaliza vitano. Mjane nilimpenda sana. Katuni nilizimaliza kwa siku mbili, chai ikipoa kando. Lakini leo siandiki kuhusu utamu wa vitabu.

Kwanza niseme kazi yangu. Mimi hupima mahindi kwenye ghala. Mkulima akileta magunia, nadunga kila moja kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, nione kama chini kumefichwa mahindi mabichi. Miaka kumi na mmoja naajiriwa kutoamini magunia. Ukizoea kazi hiyo, hata watu unaanza kuwadunga.

Wiki ya kwanza, kitabu cha kwanza cha majoka kilipotea. Jumatatu nikakikuta kwenye rafu, kimepangwa vizuri kuliko nilivyokiacha. Kilinuka moshi wa kuni. Sisi tunapikia gesi.

Nilimuuliza mke wangu, Nekesa. Akacheka. "Si uangalie vizuri, Baba Nafula. Ati mwizi aje kuiba joka?"

Basi nikaangalia vizuri. Ukurasa wa tisini, pembeni, mtu alikuwa ameandika kwa penseli: "Waziri huyu ni mwongo. Anasifu chakula ambacho hajaonja." Mwandiko mzuri, wa kulala, wa mtu aliyefundishwa na walimu wakali. Kurasa mia baadaye, waziri akamtilia mfalme sumu. Mtu wa penseli alikuwa amemjua kabla yangu, mimi ninayejiona fundi wa kushuku.

Wiki ya pili zikaondoka katuni. Wiki ya tatu, kitabu cha pili cha majoka. Kila mara ni Jumamosi, siku ambayo Nekesa huenda Matulo, kule karibu na Webuye, kumhudumia mama yake aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Halafu Jumatano tukinywa chai, Nekesa, ambaye husoma ujumbe wa chama chao cha akiba tu, akasema yule waziri alistahili kuliwa na joka. Mimi sikuwa nimemwambia habari za waziri yeyote.

Nilimaliza chai yangu. Ndani nilikuwa nawaka.

Kichwani nikajenga mwanaume. Nikampa miwani, suruali iliyopigwa pasi na kazi ya ualimu, kwa sababu ya ule mwandiko. Nikamweka kwenye nyumba yenye jiko la kuni, anamsomea mke wangu vitabu vyangu. Miaka tisa ya ndoa, na tayari nilikuwa napanga maneno ya kuwaambia wazee wa pande zote mbili.

Jana nilimwambia Nekesa naenda Moi's Bridge kupima mahindi. Alipotoka na mkoba wake mzito, nikasubiri nusu saa, nikamfuata Matulo.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu Wabukusu, mwanaume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono, hawaongei, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha kando. Mkwe haibuki tu bomani kwa mama. Hutanguliza habari ili mama apate kujiondoa. Hayo nayajua tangu nioe. Jana hasira iliyafuta yote.

Nilipita ua wa nyuma nikatokea mbele ya nyumba. Hapakuwa na mwanaume. Mama mkwe alikuwa barazani peke yake, mguu juu ya stuli, kitabu cha tatu cha majoka karibu na pua, penseli sikioni.

Akainua macho, akaniona.

Alivuta leso akafunika kichwa, akajaribu kusimama ili akimbilie ndani. Fimbo yake ilikuwa mbali. Akashika nguzo, akateleza, akaanguka kwa goti. Nami nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, mwanaume mzima mwenye mikono miwili, na siruhusiwi kumwinua. Niligeuka nikampa mgongo, nikamwita Nekesa kwa sauti ambayo sikuijua.

Nekesa alitoka jikoni na unga mikononi. "Umekuja kufanya nini huku?" Nikatoka nje ya boma, nikamngoja barabarani.

Mama hakuvunjika, namshukuru Mungu. Nekesa alinieleza barabarani, akilia. Mama alifundisha darasa la tatu miaka mingi. Upasuaji ulimfunga kwenye kiti, siku zikawa ndefu, naye Nekesa akampelekea kitabu kimoja. Mama akamwapisha asiseme, maana ni aibu mkwe kujua kwamba mama mkwe wake anafurahia katuni.

Nilijua kwamba alikuwa mwalimu. Nilijua tu kama ninavyojua jina la barabara. Katika miaka tisa sikuwahi kuuliza mama yule anapenda nini.

"Amesema nikurudishie," Nekesa akaniambia, akinipa kitabu cha tatu. "Hataki tena hata kimoja." Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili umekunjwa kona. Hapo ndipo nilipomkatiza.

Leo nimesoma mpaka ukurasa huo huo, nikafunga. Si haki nimtangulie. Nimechonga penseli, na pembeni, chini ya maandishi yake, nimeandika: "Mama, nisamehe kwa kuja bila habari. Mimi namshuku mlinzi wa lango. Wewe unamshuku nani?"

Kitabu nimekiweka kwenye mkoba wa Nekesa, mbele ya macho yake. Amekitazama, hajakitoa.

Sasa najiuliza: kumwandikia mama mkwe pembeni mwa kitabu, ni kuongea naye au si kuongea?