Vifaranga wa Nyuma ya Tanuri

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, tena ile ya magoti yote mawili. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mguu wako umetulia, na shemeji hakohoi tena asubuhi. Mimi huku sijambo. Lile jino lililokuwa likinitesa nimeling'oa, sasa natafuna pande zote kama msichana. Cherehani nayo ni nzima, ila inalalamika kuliko mimi.

Najua umenikasirikia, na una haki. Barua zako zimefika zote: ile ya kuniambia kwamba chumba changu hapo kwako kimekwisha kupakwa rangi, na ile ya kuniuliza kama nimekufa au nimeota mapembe. Sijafa, dada, wala kichwani hakujaota kitu. Nimekuwa mlezi. Nalea vifaranga wa bata mzinga. Cheka kwanza; ukimaliza, endelea kusoma.

Unamkumbuka yule muuguzi aliyepanga chumba changu cha uani, yule mrefu aliyekuwa na bata mzinga jike mmoja akimwita mke mwenzake? Mvua zilipoanza alipewa uhamisho wa ghafla. Wiki hiyohiyo bata wake alikuwa ametotoa, na mbwa wa mtaani wakamrarua mama mtu mchana kweupe. Muuguzi akaja mlangoni kwangu na boksi la viatu mkononi, machozi yanamlengalenga, akaniambia hawezi kusafiri na watoto wachanga wa ndege. Nilipofunua kifuniko niliona shingo tupu na macho. Nilitaka kukataa, lakini kimoja kikanitazama kama mtu anayeulizia njia. Nikapokea boksi.

Dada, mtoto wa kuku akitoka kwenye yai yuko tayari kwenda sokoni. Wa bata mzinga anasimama mbele ya chakula akifa njaa, hajui kwamba kile ndicho chakula. Maji nayo hayaoni. Siku mbili za kwanza nilizika watatu, na nililia kila mara, ingawa sikumwambia mtu. Bibi anayeuza nafaka pale kwenye kona ndiye aliyenifumbua macho. Alisema wajinga hawa wanahitaji mwalimu, akanipa kifaranga mmoja wa kuku, mweusi, mdogo kama ngumi ya mtoto. Nikamtia katikati yao. Mwalimu akadonoa, nao wakatazama. Mwalimu akadonoa tena, mmoja akajaribu, akakosa, akajaribu. Kufika jioni wote wanakula. Kwa maji nilitumia akili yangu ya ufundi: nilitia sahanini vifungo vikubwa vya makoti, vile vinavyong'aa na visivyomezeka. Wakawa wanavidonoa kwa tamaa, midomo inaingia majini, na kiu yao inakatika bila wao kujua. Niliwachemshia mayai nikayasagasaga pamoja na majani ya vitunguu. Marehemu mume wangu angeona nilivyowahangaikia, angedai naye apewe.

Tatizo likawa baridi. Ndege hawa wakilowa au wakipoa, basi, kwaheri. Stoo yangu ya vitambaa, utakumbuka, inapakana na nyumba ya jirani, ambamo siku hizi mnaokwa mikate. Ukuta wake wa nyuma ndio mgongo wa tanuri, na huwa na joto kutwa nzima kama ubavu wa ng'ombe. Nikahamishia vitambaa sebuleni, nikamwaga maranda kutoka kwa seremala, nikawaweka vifaranga wangu pale ukutani. Walilala wamejinyoosha kama wageni wa hoteli.

Sasa nikueleze huyo mwenye tanuri, maana ulipokuja msibani alikuwa hajahamia hapa. Ni mwoka mikate, mjane kama mimi, mtu wa makamo, nyusi zake nyeupe sijui kwa uzee au kwa unga. Mtaa mzima unamwita Bwana Hamira. Hilo ni kwa sababu haharakishwi: ukimsalimu, jibu lake huumuka kwanza ndipo litoke. Mimi nilikuwa nikinunua mkate, nachukua chenji, naondoka kabla hajamaliza kuniambia karibu tena. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu kwa miaka miwili.

Asubuhi moja ya mvua kubwa niliamshwa na kelele za vifaranga. Nikakimbilia stoo nikawakuta wamerundikana kwenye kona, wanapandana, wa chini wanakaribia kukosa pumzi. Nikagusa ukuta. Dada, ukuta ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikawatenganisha haraka, nikajaza chupa maji ya moto, nikazizungushia mabaki ya vitambaa vya sare za shule na kuwapanga kuzizunguka. Halafu nikajifunika kanga kichwani na kuzunguka mbele kwenda kumgombeza mtu.

Mlangoni kwa mwoka mikate nilikuta wateja wamesimama chini ya paa wakinung'unika kwamba mzee leo kalala. Nilibisha hodi mpaka mkono ukauma. Mara ya mwisho nikasikia sauti ndogo ikisema karibu. Nilimkuta chumba cha nyuma, amejifunika blanketi na magunia matupu ya unga juu yake, anatetemeka mpaka kitanda kinapiga kelele. Homa ilikuwa imemshika tangu jana yake na hakuwa na wa kumpa hata maji. Nikaona aibu kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani. Nikamtuma mteja mmoja akamwite daktari wa zahanati, nikamkorogea uji hapohapo jikoni kwake.

Daktari alimdunga sindano, akamwachia dawa, akamkataza kusimama. Lakini unajua alichokuwa anakihangaikia yule bwana? Unga aliokuwa ameukanda kabla homa haijamzidi. Ulikuwa umefura ukapita ukingo wa beseni na kuanza kushuka mezani. Akataka kuinuka. Nikamwambia alale, kwani mimi pia nina shida yangu na hilo tanuri. Nina watoto wanakufa upande wa pili. Alinitazama kwa muda mrefu, nikadhani ni homa. Kisha akauliza, polepole, "Watoto gani, mama, na wewe unaishi peke yako?"

Nilipomweleza, alicheka mpaka akapaliwa. Ndipo akasema kwamba kama niko tayari kushika moto, yeye atanielekeza. Mimi na mteja mmoja tulimkalisha kwenye kiti kando ya mlango, blanketi mpaka kidevuni, nami nikawa mikono yake. Aliniambia kuni zipi zianze na zipi zifuate, nirushe unga kidogo ndani ya tanuri na kuutazama rangi yake kabla ya kuingiza mkate. Nilikuwa na haraka, sikungoja rangi. Mikate yangu ya kwanza ilitoka bapa kama kandambili, imeungua upande mmoja. Wateja waliinunua hivyohivyo kwa kuwa njaa haina macho, ila mama mmoja aliniuliza kama inavaliwa mguu wa kulia au wa kushoto. Kabla ya adhuhuri nilichungulia stoo. Ukuta ulikuwa umerudiwa na joto lake, vifaranga wametawanyika, Mwalimu anafundisha. Nilikaa chini kwenye maranda nikashusha pumzi.

Nilioka siku zote alizougua. Siku za mwisho mikate ilikuwa ikifanana na mikate. Alipopona alikuja kwangu na mfuko wa skonzi, amevaa shati lililopigwa pasi, akaomba awaone hao aliokuwa akiwapashia joto bila kujua. Alichuchumaa pale stoo muda mrefu, kimoja kikampanda kiatuni na kusinzia, naye akakataa kuinuka mpaka kiamke. Magoti yalimkamata; ikabidi nimvute.

Baada ya hapo nikaona jambo. Yeye humaliza kuoka mapema, na ukuta huwa unapoa kuelekea magharibi. Lakini sasa hata jioni ulikuwa na joto. Nilimuuliza anaoka nini saa hizo. Akasema anakausha kuni. Siku ya pili akasema anakausha kuni. Siku ya tatu nilikwenda mwenyewe, nikakuta tanuri tupu, gogo moja zima linawaka halina kazi, naye ameketi mbele yake ana kikombe cha chai. Akanisogezea kiti.

Hayo ndiyo yaliyonishughulisha, dada. Vifaranga sasa si vifaranga tena. Mwalimu anafika magotini mwa wanafunzi wake, na bado anawachapa. Madume wameanza kutanua mikia kama mapepeo na kutembea uani kama wajumbe wa mkutano, kile kinyama cha juu ya mdomo kikigeuka buluu mara nyekundu kwa hasira za bure. Mmoja hapatani kabisa na kofia nyekundu ya seremala. Nikicheka wananijibu wote kwa pamoja, gulu-gulu-gulu, mpaka wapita njia wanauliza nyumba hii ina sherehe gani. Nakiri kwamba siku hizi wananijibu mara nyingi.

Sasa nifike pale nilipokuwa nikipakwepa. Tulikubaliana, au tuseme wewe ulikubali nami nikanyamaza, kwamba mvua zikiisha nitafunga nyumba nije kukaa kwako. Mvua zimekwisha. Juzi nilimwambia Bwana Hamira kwamba dada yangu ananingoja, na nikamwomba awachukue bata. Alikoroga chai yake mpaka ikapoa. Mwisho akasema bata mzinga hawapendi kuhamishwa. Nikamwuliza kama ni bata tu wasiopenda. Masikio yakamwiva, akaanza kukwangua unga kwenye kucha zake. Nikangoja. Nikaona kwamba nikiuacha huu unga uumuke wenyewe, utatukuta makaburini.

Kwa hiyo nilisema mimi. Ndiyo, dada, mimi mdogo wako, tena bila kuinamisha kichwa. Nilimwambia, "Nataka kubaki hapa, na nataka tukae pamoja, kwa ndoa, kama hutachukia." Alinyanyuka akaenda mpaka kwenye tanuri, akarudi, akanijibu, "Nilikuwa natafuta jinsi ya kulisema hilo tangu siku ya mikate yako iliyoungua." Halafu akaniuliza wewe utasemaje. Nilimwambia utanuna wiki moja, na ya pili utauliza nguo yangu imeshonwa rangi gani.

Lakini niliporudi nyumbani sikulala vizuri, kwa maana nilijua hilo nimelisema kwa ujasiri wa mdomo tu. Chumba umekipaka rangi kwa mkono wako, huku mguu ukikuuma. Umenizoea kuwa mtu wa kuitwa nikaitika. Sitaki uone nimekutupa. Sikujibu barua zako kwa kuwa kila nilipoanza kuandika kwamba nakuja, kalamu ilikataa, na kuandika kwamba siji niliogopa. Bwana Hamira amesema hatapiga hatua yoyote kabla hajafika mbele yako na shemeji kuomba kwa heshima, na kwamba atangoja hata mwaka. Namwamini, kungoja ndiko anakokuweza. Mimi ndiye nisiyeweza.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Siku ya ndoa yangu ya kwanza, nilipoulizwa kama nimeridhia, nilikuwa mtoto na sauti ilinikauka kooni. Wewe ndiwe uliyenibana mkono ukajibu kwa niaba yangu, watu wakacheka, mambo yakaenda. Sijutii, marehemu alikuwa mtu mwema, na ulinijibia vizuri. Safari hii, dada, nitajibu mwenyewe. Lakini njoo usimame palepale karibu yangu, unibane mkono kama zamani, unisikie.

Msalimie sana shemeji, umwambie asianze yeye kununa ili kukusaidia. Wasalimie watoto na wajukuu, na yule mdogo umbusu shavuni kwa niaba yangu. Bibi wa nafaka anakusalimu ingawa hamjuani. Ukiwa na hasira, usinijibu leo. Nijibu kesho kutwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye na kukuheshimu,

Kasindano wako